Fundi wa Chini ya Barafu

Tundu lenyewe ni dogo. Juu, linapokutana na hewa, upana wake unaweza kuwa wa vidole vichache tu, na mara nyingi theluji imelifunika hata mtu akapita kando yake asijue. Kadiri linavyoteremka ndivyo linavyopanuka, mpaka chini kabisa likatosha mwili mzima wa mnyama. Barafu iliyotobolewa hivyo inaweza kufikia unene wa mita 2. Aliyeitoboa hana tindo wala nyundo, wala hana wa kumshikia taa. Ana kucha za mikono yake iliyogeuka mapezi, ana masharubu, na ana miezi kadhaa ya giza mbele yake.

Huyo ni sili wa pete, mdogo kuliko sili wote wa Aktiki. Urefu wake hauzidi sana mita moja na nusu, na uzito wake mara nyingi uko kati ya kilo 50 na 70, yaani uzito wa mtu mzima wa kawaida. Mgongo wake umetapakaa mapete ya kijivu hafifu juu ya ngozi yenye rangi nzito. Ni mnyama wa damu moto, ananyonyesha, anapumua hewa kama sisi, na ameamua kuishi mahali ambapo hewa imefungiwa upande wa pili wa dari.

Huku Mawengi, katika milima ya Ludewa, baridi tunaijua. Asubuhi za Juni na Julai watu hutoka na makoti mazito, moshi hutambaa chini chini juu ya mapaa, na upande wa Makete na Njombe sakitu huweza kuunguza majani ya viazi kwa usiku mmoja. Lakini mito yetu haigandi. Hakuna anayevuka maji kwa miguu kwa sababu yamekuwa mawe. Kwa hiyo ufundi wa sili huyu nimeuelewa kidogo kidogo, kwa kusoma na kurudia kusoma, na kila niliporudia niliukuta ni mkubwa kuliko nilivyoudhania.

Ziwa letu halina sili. Barabara inayotoka Ludewa mjini huteremka mpaka Lupingu, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, na huko mnyama wa manyoya anayezamia samaki ni fisi maji, mwembamba, mwenye madoa meupe shingoni, ambaye usiku hulala nchi kavu kama mnyama mwingine yeyote. Fundi hasa wa ziwa letu ni samaki. Madume ya baadhi ya jamii za samaki wa Nyasa huchota mchanga kwa mdomo, funda kwa funda, wakaurundika mpaka ukawa kilima kilichochongoka chenye sahani ya duara juu yake. Hapo jike huja kuangalia, na akiridhika hutaga. Mchanga ndani ya maji hauishi kuporomoka, kwa hiyo dume aliyemaliza kujenga huwa hajamaliza. Anaendelea kuchota na kutengeneza kwa muda wote anaoutaka uwanja wake usimame. Nimemtaja samaki huyu kwa sababu kazi ya sili nayo iko hivyo: kutoboa ni siku moja, na kulitunza lililotobolewa ni majira mazima.

Vuli inapokwisha huko kaskazini, maji ya bahari huanza kugandamana. Barafu ya kwanza ni nyembamba, na sili huivunja kwa kichwa akainua pua. Anaporudi baadaye, mahali pale pameshafunikwa utando mpya, naye huuvunja tena. Wiki zinavyopita kichwa hakitoshi. Hapo zinaanza kazi kucha za mbele, nene na zenye nguvu kuliko kucha za sili wengine wengi. Anasimama wima ndani ya maji, anajizungusha, anakwangua kuta za tundu pande zote, kisha anavuta pumzi na kwenda zake kuwinda. Barafu huongezeka unene kutoka chini, naye huongeza urefu wa tundu kwa kadiri hiyohiyo. Asipofika kwa muda mrefu, tundu linaziba. Likishaziba katika barafu ya mita nzima, hakuna kucha itakayolifungua upya kutoka chini kabla pumzi haijaisha. Kwa hiyo anarudi. Mama wa huku milimani anayefukia kaa la moto kwenye majivu jioni, akaamka usiku kulitazama ili asubuhi asiende kuomba moto kwa jirani, angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Wala tundu haliwi moja. Sili mmoja hutunza matundu kadhaa, yaliyotawanyika katika eneo lake, ili akikuta moja lina adui afike kwenye jingine. Kila pumzi anayotoa hupanda na rasharasha za maji, na rasharasha hizo huganda juu ya uso zikafanya kifuniko kidogo kilichovimba, chenye kitundu cha hewa katikati. Ni kazi isiyokusudiwa, lakini inamfaa, kwa maana upepo hauingii moja kwa moja.

Kusini kabisa mwa dunia, Antaktika, kuna sili mwingine anayetunza matundu kwenye barafu, sili wa Weddell. Yeye hutumia meno. Hufungua taya na kuisaga barafu kwa kutikisa kichwa huku na huku, mwaka baada ya mwaka, mpaka meno yanakwisha, na meno yakishakwisha hawezi tena kula wala kupumua kwa uhakika. Ufundi wake unamla yeye mwenyewe. Sili wa pete ameweka kazi hiyo kwenye kucha, ambazo huota tena. Naona hapo alama ya fundi aliyekomaa: kifaa kinachochakaa ni kile kinachoweza kurudi.

Sasa fikiria jinsi ya kulipata tundu hilo. Mnyama ameondoka, amezama, amezunguka akifuata samaki, juu yake pana theluji juu ya barafu, jua limekwenda kwa miezi. Tundu lenye upana wa kiganja liko mahali fulani katika giza hilo, na pumzi inahesabika. Mwaka 1989 mtafiti wa Kifini, Heikki Hyvärinen, alichapisha uchunguzi wa masharubu ya sili wa pete. Alikuta kwamba mzizi wa kila sharubu umezungukwa na nyuzi za fahamu zaidi ya elfu moja, mara kumi na zaidi ya zile za masharubu ya wanyama wa kawaida wa nchi kavu. Kwa masharubu hayo sili anasoma mtikisiko wa maji, mkondo mdogo, pengine hata ubaridi wa kona ya barafu. Wamewahi kupatikana sili vipofu walionona. Macho yalikuwa yamekufa, na bado samaki walikuwa wanakamatwa na matundu yalikuwa yanapatikana.

Yote hayo ni nyumba ya kupumulia tu. Ya kuzalia ni kazi nyingine.

Theluji inapoanguka juu ya bahari iliyoganda haikai sawasawa. Upepo huisukuma mpaka ikutane na kizuizi, mara nyingi mabamba ya barafu yaliyogongana yakasimama wima, na hapo hujikusanya ikawa tuta. Jike mwenye mimba hutafuta tundu lake lililo chini ya tuta la namna hiyo. Kulijua akiwa chini, bila kuona upande wa juu, peke yake ni jambo la kushangaza. Akishalichagua, hulipanua tundu mpaka apite mwili mzima, kisha huanza kuchimba ndani ya theluji kutokea chini, akiirudisha theluji iliyochimbwa kwenye maji. Anapomaliza ana chumba: sakafu ya barafu, kuta na dari ya theluji, mlango mmoja tu, na mlango huo unafungukia kwenye maji. Kwa nje hakuna dalili yoyote. Tuta limebaki jeupe na laini kama lilivyokuwa.

Wakanada T. G. Smith na Ian Stirling ndio walioeleza vyumba hivi kwa makini katika andiko lao la 1975. Kuvipata ilikuwa tatizo, maana vimefichwa kwa watu kama vilivyofichwa kwa dubu. Smith alitumia mbwa waliofundishwa, ambao wangenusa harufu ya sili kupitia theluji na kusimama mahali penyewe. Baada ya hapo watafiti walifukua kwa uangalifu na kupima. Walikuta vyumba vya mapumziko vya mtu mmoja, kama tukiruhusiwa kumwita mtu, na vyumba vikubwa zaidi vya kuzalia, vyenye vyumba vya ndani na vijia. Baadhi ya vijia vilikuwa vyembamba mno kwa mama. Hivyo vilichimbwa na watoto. Mtoto wa sili wa pete ana majuma machache tu tangu kuzaliwa na tayari anakwangua ukuta wa chumba alimozaliwa.

Theluji ni blanketi, na hili watu wa Njombe wanaweza kulikubali kwa shida, kwa sababu sakitu yetu inaua mazao. Lakini sakitu ni ganda jembamba. Theluji nene imejaa hewa iliyotulia kati ya chembe na chembe, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Nje kunaweza kuwa na nyuzi 30 chini ya sifuri na upepo juu yake. Ndani, kwa joto la mwili wa mama na la maji yaliyo mlangoni, huwa karibu na nyuzi sifuri. Tofauti hiyo ndiyo uhai wa mtoto. Huzaliwa na kilo 4 au 5, akiwa na manyoya meupe marefu ambayo yanampa joto yakiwa makavu tu. Yakilowa, hayamfai kitu mpaka yakauke. Mafuta chini ya ngozi bado hana. Kwa hiyo chumba kikavu chenye dari nzima kinafanya kazi ambayo mwili wake haujaweza kuifanya.

Wapo wanaolitafuta tuta hilo. Mbweha wa Aktiki huchimba kwa miguu. Dubu mweupe hunusa kutoka mbali, hutembea polepole, kisha hujiinua na kuangusha miguu ya mbele kwa uzito wake wote juu ya dari. Dari ikiwa nene, pigo la kwanza halitoshi, na kati ya pigo la kwanza na la pili mama ameshampeleka mtoto majini. Ndiyo sababu hajengi chumba kimoja. Ana kadhaa, na kikivunjwa kimoja humhamishia mtoto kwenye kingine, wakipita chini ya barafu. Mtoto hujifunza kuogelea angali ananyonya, na mapema kabisa huwa anajua matundu zaidi ya moja.

Binadamu wa kwanza kuusoma ufundi huu vizuri walikuwa wawindaji wa Kiinuit, na sioni namna ya kumsifu sili bila kuwasifu wao. Mwindaji alikwenda na mbwa mpaka mbwa akanusa tundu chini ya theluji. Alilifungua kidogo, akapima kwa kijiti kilichopinda jinsi tundu lilivyoelekea ili ajue sili atatokea upande gani, akarudisha theluji mahali pake. Juu ya kitundu aliweka kialamisho chepesi, kipande chembamba cha mfupa au unyoya, kitakachotikisika maji yakipanda. Chini ya miguu alitandika kipande cha ngozi ili kiatu kisikwaruze theluji, kwa sababu sili husikia. Kisha aliinama, chusa mkononi, akangoja. Saa moja, saa tano, pengine siku nzima, asihamishe mguu. Kwa kuwa kila sili ana matundu mengi, wawindaji walijigawa, kila mmoja na tundu lake, na wengi wao wangerudi jioni bila kitu wakala pamoja na yule aliyepata. Walikuwa wanapima subira yao kwa subira ya mnyama, na mnyama alikuwa na mazoea zaidi.

Ukoo wa sili huyu umeenea mahali ambapo mtu hategemei. Ndugu yake wa Bahari ya Kaspi, aliyefungiwa katika maji yasiyo na njia ya kwenda bahari kuu, amepungua vibaya tangu mwanzo wa karne ya 20, na tangu 2008 amewekwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Ndugu mwingine yuko katikati ya Siberia, katika Ziwa Baikal, mamia mengi ya kilomita kutoka bahari yoyote. Huyo ndiye jamii pekee ya sili ambayo yote inaishi katika maji baridi yasiyo na chumvi. Baikal tunapaswa kulitazama kwa jicho la jamaa, kwa sababu limezaliwa jinsi maziwa yetu yalivyozaliwa: ardhi imepasuka, bonde la ufa limeshuka, maji yakajaa. Lina kina cha mita 1,642 na hakuna linalolizidi duniani. La pili ni Tanganyika, mita 1,470. Nyasa, lenye mita 700 hivi, liko katika kundi hilohilo la vilindi.

Sili wa Baikal wako makumi ya maelfu, na baadhi yao huishi zaidi ya miaka 50. Kwa muda mrefu ilidhaniwa chakula chao ni samaki basi. Mwaka 2020 Yuuki Watanabe na wenzake walichapisha matokeo ya kamera na vipimo walivyowafunga sili hao mwilini, na ikaonekana kwamba usiku hukamata pia viduduvidudu vya majini vya jamii ya kamba, kimoja kimoja, maelfu kwa siku. Meno yao ya nyuma yana vijino vidogo vilivyopangika, na maji yaliyoingia na windo hutokea katikati yake huku windo likibaki. Kukamata kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole, mara makumi katika kila mzamio mmoja, kisha kurudi kwenye tundu moja gizani! Huyu naye barafu ya Baikal humfunika kuanzia Januari hadi Mei, na huyu naye ana kucha za kazi.

Lakini yule ninayemfuata zaidi ni sili wa Saimaa, ziwa la kusini-mashariki mwa Ufini.

Wafini si wageni Njombe. Mpango wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza 2014 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ufini, ulikuwa na ofisi yake Njombe, na wakulima wa Ludewa walikuwa miongoni mwa waliofikiwa. Huku wanafahamika kwa miche, mbegu bora na misitu. Kwao wanafahamika pia kwa jambo ambalo lingewashangaza wengi waliokaa nao kwenye mikutano ya vijiji: mwezi Januari watu wazima huchukua machepe, wakaenda juu ya ziwa lililoganda, wakamrundikia sili theluji.

Ilikuwa hivi. Enzi ya barafu ilipokwisha, barafu iliyokuwa imeikandamiza ardhi ya Ufini kwa uzito wake iliyeyuka, na ardhi ikaanza kuinuka. Inainuka mpaka leo. Takribani miaka 10,000 iliyopita mwinuko huo ulilitenga Ziwa Saimaa na bahari, na sili wa pete waliokuwemo wakabaki humo. Wenzao wa Ziwa Ladoga, upande wa Urusi, walitengwa kwa namna inayofanana. Wale wa Saimaa wamebadilika rangi wakawa weusi zaidi, na wamejifunza maji ya ziwa lenye visiwa maelfu, maji ya hudhurungi ambamo macho hayafiki mbali. Ufundi wao nao ulilazimika kubadilika. Ziwani hakuna mabamba ya barafu yanayogongana, kwa hiyo matuta ya theluji hujikusanya kwenye kingo za visiwa tu. Basi jike wa Saimaa huchimba chumba chake hapo, pale tuta la ufukweni linapolalia barafu, ukuta mmoja ukielekea nchi kavu.

Alilindwa kisheria tangu 1955, lakini sheria haikumwinua haraka. Miaka ya 1980 walikuwa wamebaki 150 hivi. Nyavu za samaki ndizo zilizoua watoto wengi, na zuio la nyavu katika sehemu za sili kuanzia 15 Aprili hadi 30 Juni lilikuja baada ya mabishano marefu na wavuvi, ambao nao walikuwa na haki ya kusikilizwa. Maji yenyewe yalihitaji kutazamwa. Maji ya Saimaa hutoka kupitia Mto Vuoksi, na juu ya mto huo, Imatra, kuna mtambo mkubwa wa umeme uliofunguliwa 1929. Watu wa Mawengi, wanaopata umeme kutoka mtambo mdogo wa maji wa kwao wenyewe, wanajua kwamba anayeshika maji anashika mambo mengi. Ziwa likishushwa katikati ya majira ya baridi, barafu inateremka pamoja nalo, sakafu ya chumba inavunjika ufukweni, na mtoto anabaki nje. Kwa hiyo kina cha ziwa katika miezi ya kuzaa sasa ni jambo la kupangwa.

Kisha theluji ikaanza kukosekana. Majira ya baridi ya 2006 na 2007 yalikuwa ya joto, matuta hayakufanyika vizuri, na watoto wengi walizaliwa juu ya barafu tupu, wakaonekana na mbweha, wakaloa mvua, wakafa. Hapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Mashariki ya Ufini walijiuliza swali ambalo nalipenda kwa unyenyekevu wake. Hawakuuliza namna ya kumjengea sili nyumba. Waliuliza kama angekubali tuta lililorundikwa na mikono ya watu, ili nyumba aijenge mwenyewe.

Alikubali. Majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 2010 yalionyesha hivyo, na majira ya baridi ya 2014, ambayo theluji yake ilikuwa haba sana, yakawa mtihani wa kweli. Wafanyakazi wa Metsähallitus, mamlaka ya misitu na hifadhi, pamoja na watu wa kujitolea walirundika zaidi ya matuta 200, na sehemu kubwa ya watoto waliopatikana mwaka ule walikuwa wamezaliwa ndani yake.

Kazi hiyo nayo ni ufundi, na inastahili kuelezwa. Haianzi mapema, kwa sababu barafu lazima iwe na nguvu ya kubeba watu na theluji. Haicheleweshwi, kwa sababu jike anahitaji wiki kadhaa za kuchimba kabla ya kuzaa Februari au Machi. Mahali hapachaguliwi kwa kubahatisha: wanafuata kingo ambazo sili wameshawahi kuzalia, zilizoandikwa kwenye kumbukumbu za miaka. Theluji husombwa kwa machepe mapana kutoka eneo kubwa la barafu, maana hakuna mahali ilipo nene, na hurundikwa kando ya ufukwe mpaka tuta lifikie urefu wa mita 7 au 8 na kimo cha kumpita mtoto wa shule. Mtu yeyote haruhusiwi kwenda tu na chepe lake. Waliojitolea hufundishwa, hupangiwa kingo zao, na wakishamaliza huondoka, kwa sababu sili anayesikia nyayo juu ya dari hatakuja kuchimba.

Wanaondoka bila kuweka chumba, bila kuchimba mlango. Hili ndilo linalonivuta kila nikisoma habari zao. Mtu mwenye chepe na nguvu angeweza kuchonga chumba kizuri ndani ya nusu saa. Lakini chumba hicho kingekuwa mahali ambapo mtu anafikiri sili angependa. Jike anajua tundu lake liko wapi chini ya tuta, kina cha maji kikoje, dari ibaki nene kiasi gani. Kwa hiyo wanamletea malighafi mahali panapofaa, na kazi ya fundi wanamwachia fundi.

Kwa baridi ambazo theluji haipo hata ya kurundika, chuo kikuu kimetengeneza vyumba bandia vinavyoelea, vyenye mlango wa chini kwenye maji, na baadhi ya sili wamezalia humo. Nafurahi kwamba vipo. Nakiri pia kwamba navitazama kwa huzuni kidogo, kwa sababu ndani yake kucha za mama hazina cha kuchimba, na mtoto hakwangui ukuta.

Leo sili wa Saimaa wamepita 400. Tangu 2016 shirika la WWF nchini Ufini limekuwa likiweka kamera mkabala wa jiwe moja ambalo sili hupanda mwezi Mei kubadili manyoya, na mamilioni ya mara watu wamefungua matangazo hayo kumtazama mnyama aliyelala. Maarufu kuliko wote alikuwa dume aliyeitwa Pullervo. Hakufanya lolote, alijikuna na kugeuka ubavu, naye anatambulika kwa mapete yake, maana hakuna sili wawili wenye mapete yaliyopangika sawa. Watafiti huhesabu na kufuatilia sili kwa picha za mapete hayo bila kuwagusa. Mtu aliyetazama jiwe hilo kwa simu yake ameona mapumziko ya fundi. Kazi yenyewe haina kamera.

Kwa sili wa bahari ya Aktiki hakuna machepe yatakayotosha. Bahari ni kubwa mno. Marekani ilimweka kwenye orodha yake ya wanyama walio hatarini mwaka 2012, na sababu iliyotajwa ni kupungua kwa barafu na hasa theluji iliyo juu yake, kwa sababu barafu inaweza kuwepo na bado dari ikakosekana. Mvua ikinyesha mapema mwaka, chumba huporomoka mtoto akiwa bado na manyoya meupe. Kucha ni zilezile na mama ni hodari vilevile.

Saimaa, barafu inapoanza kulegea mwezi Aprili, watafiti hurudi kwenye kingo. Hupita tuta kwa tuta, lililorundikwa na watu na lililoletwa na upepo, wakaandika lipi lilichimbwa, vyumba vingapi, dari ilianguka lini. Baadaye wazamiaji huingia majini chini ya mahali palipokuwa na chumba na kutafuta kwenye matope kondo la nyuma lililoanguka siku ya kuzaa. Likipatikana, hupelekwa maabara, na chembe zake za urithi humtambulisha mama na mtoto wake. Kisha daftari hufungwa, na kingo zilizotumika huingizwa katika orodha ya Januari ijayo.